Kungoja Oktoba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne huko Mwala, huenda nilikuwa mtu pekee katika kijiji kizima aliyemwomba Mungu mvua isinyeshe. Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka ambao mihindi ilikauka kabla ya kufika magotini na tukala mahindi ya manjano ya msaada, yale yenye harufu ya gunia. Kila asubuhi kwenye paredi mwalimu mkuu alitufumbisha macho tukaomba mvua. Wenzangu waliitikia amina kwa sauti. Mimi nilifumba macho kama wao, lakini moyoni nilisema: isije, Baba, isije bado. Nilikuwa na njaa kama wao, kwa hivyo msinione mchoyo.

Sababu yangu ilikuwa susu, mama yake baba. Aliitwa Mumbua, jina ambalo sisi Wakamba humpa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mimi nami ni Mumbua, si kwa ajili ya mvua, bali kwa sababu kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake. Baba akitaka kunitania aliniita mama. Sasa, susu alipokuwa msichana mdogo aliugua homa, na babake akampeleka kwa mundu mue, mganga wa kupiga ramli. Mundu mue alitikisa kibuyu, akamwaga mbegu juu ya ngozi ya mbuzi, akazitazama, akasema mtoto atapona. Halafu, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kuiva, akasema tena: huyu aliletwa na mvua, na mvua ya vuli ndiyo itakayomchukua. Hakusema vuli ya mwaka gani.

Susu alibeba maneno hayo maisha yake yote. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka yatajwe nyumbani. Susu mwenyewe hakukosa ibada hata Jumapili moja, na hakuona ubaya wowote.

"Siku inajulikana na Mungu," alikuwa akisema. "Mimi niliambiwa msimu tu."

Basi kila Oktoba, mwanzo wa vuli, mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa milima ya Iveti, susu alijiandaa kufa. Alifua gauni lake jeupe la kanisa, akalipiga pasi, akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Alichambua mbegu za kunde na mbaazi, akazitia kwenye debe la bluu na kutuonyesha lilipo. Kisha alivuka mpaka kwenda kwa Mama Kioko. Huyu alikuwa jirani yetu, mdogo kwa susu kwa umri, na ndiye aliyekuwa adui wake. Waligombania makonge ya mpakani, ambayo susu aliapa kwamba hutembea usiku na kuingia shamba letu. Lakini Oktoba ikifika, susu alimpelekea bakuli la kunde, Mama Kioko akapika chai ya sukari nyingi, wakasameheana, wakaombeana, wakalia. Mvua ikinyesha na susu asipokufa, walipanda pamoja na kupalilia pamoja. Ikifika Februari, jua likishashika, makonge yalianza kutembea tena. Sisi watoto tulicheka sana. Tulisema mtu akitaka kujua mwezi asitazame kalenda, asikilize tu kama susu anamtukana Mama Kioko.

Mwaka ule wa mahindi ya manjano sikucheka. Nilikuwa nimefika umri wa kuelewa kwamba mtu akifa harudi. Tena vuli ilichelewa. Oktoba ilipita kavu. Chai ya msamaha ilikwisha kunywewa, gauni jeupe likashika vumbi pale msumarini likafuliwa upya, na bado hakuna tone. Wazee walisema mvua iliyochelewa hivyo ikija huja na hasira. Nilimtazama susu nikaona amechoka. Hakuwa mgonjwa, alichoka kungoja tu, kama mtu aliyefunga mizigo asubuhi na gari halijafika hadi jioni.

Jumamosi moja mchana mimi na yeye tulienda mtoni kuchota maji. Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, maji yako chini, na watu huyachimbia visima. Kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini. Kufikia wakati ule kisima chetu kilimmeza mtu mzima, na njia ya kushuka ilikuwa vijishimo vya kukanyagia vilivyochongwa kwenye udongo mgumu wa ukingo. Susu alishuka yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa mwembamba na kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na maji. Alichota kwa kasuku, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, iliyofungwa kamba. Mimi nilivuta kutoka juu na kumimina kwenye mitungi iliyokuwa mgongoni mwa punda.

Punda ndiye aliyejua kwanza. Aliinua masikio, akakata kamba, akakimbia na mitungi ikigongana ubavuni. Juu yetu jua lilikuwa kali na anga safi, lakini kule Iveti palikuwa peusi tangu asubuhi. Kisha nikasikia mngurumo, kama lori la mchanga linalopanda mlima kwa mbali. Mtoto wa huko kwetu hafunzwi sauti hiyo. Mvua huweza kunyesha kwa watu wengine kabisa, na maji yakaja kwako.

"Susu, maji inakuja. Toka."

Hakutoka. Niliinama nikamwona akiweka kasuku chini polepole na kufunga vizuri leso yake ya kichwa.

"Hii ni ile yangu," alisema. Aliisema kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye foleni ya hospitali. "Wewe enda. Ambia baba yako mbegu iko kwa ile debe."

"Susu, panda."

"Mwana wakwa, mimi najua yangu. Enda."

Nimeogopa mambo mengi tangu siku ile, lakini hakuna lililonitisha kama utulivu wa sauti yake. Miguu yake ilikuwa mizima. Vijishimo vya kupandia vilikuwa pale, mbele ya uso wake. Muda ulikuwapo, ingawa mdogo. Kilichomshika mle shimoni hakikuwa maji, maana hata hayajafika. Yalikuwa maneno ya mtu aliyekufa zamani, ambaye hata baba yangu hakuwahi kumwona.

Kumvuta sikuweza. Kumwacha sikuweza. Mngurumo ulikaribia na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya makalio yangu, kwa sababu nilikuwa nimeketi ukingoni na kuteremsha miguu ndani ya shimo.

"Basi mimi pia sitoki," nilisema. "Mimi pia ni Mumbua. Kama imekuja kuchukua Mumbua, itabeba sisi wote."

Msidhani ulikuwa ushujaa. Nilikuwa nimejikojolea. Susu aliinua uso akanitazama, akaitazama miguu yangu inayoning'inia, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Hii mtoto ni mjinga," alisema, kwa hasira ya kweli, ile ya Februari, na akaanza kupanda.

Sijawahi kumwona mtu wa umri wake akipanda vile. Alinikamata mkono, akanikokota juu ya ukingo na kupita kwenye miiba bila kuchagua njia. Tulipogeuka, maji ya rangi ya chai yalikuwa yamepita mahali pa kisima, yamebeba matawi na mbuzi wa watu, na huwezi kujua kama paliwahi kuwa na shimo. Susu alisimama akihema. Alinishika kichwa kwa mkono mmoja, akakaa hivyo kwa muda.

Jioni mvua yenyewe ikatufikia, ikapiga mabati tusisikilizane. Susu alioga, akavaa gauni jeupe, akalala chali juu ya kitanda chake na mikono kifuani. Nilikataa kutoka. Nililala miguuni pake nikiwa nimemshika kifundo, ili akienda nijue.

Nilipoamka kitanda kilikuwa kitupu. Nilitoka nje mbio, nikamkuta shambani na gauni lake kuukuu na jembe, amefika mistari ya mbali. Mama Kioko alikuwa ng'ambo ya makonge, naye anapanda.

"Unalala mpaka saa hizi na watu wanapanda?" susu aliniuliza.

Habari ya kisima hatukuizungumza tena, na Oktoba iliyofuata gauni lilirudi msumarini kama kawaida.

Alifariki miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuo cha ualimu. Haikuwa vuli. Ilikuwa Agosti, wakati wa vumbi na baridi kavu, hakuna wingu popote. Alikuwa uani akipura mbaazi, akasema amechoka, akaegemea ukuta. Gauni jeupe tulilikuta chini ya sanduku limekunjamana, lina doa la chai kifuani. Mama yangu alilipiga pasi huku akilia, akiiomba nguo msamaha. Na wiki ileile susu na Mama Kioko walikuwa wametukanana juu ya makonge hadi baba akaenda kuwaamua.

Siku ya mazishi nilimwona Mama Kioko amesimama upande wake wa mpaka, ameshika mfuko. Nikaenda kumkaribisha.

"Nitaingia aje?" aliniuliza. "Si ilikuwa bado. Mimi nilikuwa nangoja Oktoba."

Akafungua mfuko akanionyesha. Ilikuwa pakiti ya sukari. Alikuwa amekwisha kuiweka akiba ya chai yao ya Oktoba.

Juzi, kwenye chai ya saa nne shuleni ninakofundisha, mwalimu mwenzangu aliuliza kama tungependa kujua siku zetu za kufa. Wengine walisema ndiyo, ili wajipange. Wengine walisema wakiambiwa watakufa kwa hofu kabla ya siku. Mimi nawaelewa wote. Kama susu asingeambiwa lolote, kwa ukaidi wake ule nadhani asingepatana na jirani yake hata mara moja. Kwa kuwa aliambiwa, alipatana naye kila mwaka, isipokuwa ule mmoja wa mwisho. Na kwa kuwa aliambiwa, nusura akae kisimani angojee maji.

Mama Kioko yu hai, amezeeka sana. Kila Agosti nikienda nyumbani huvuka makonge nikampelekea sukari. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hivyo huniuliza kama kuna mawingu upande wa Iveti. Humwambia hapana, bado kabisa, na tunakunywa chai hivyo hivyo, bila kungoja.