Nilivyomwonjea Mgeni Juisi

Ndugu zangu wa Murusagamba, mnaosema nimeula huku Norwei kwa sababu serikali inanilipia pango, sikieni kilichonipata juzi.

Nilichoka kulishwa bure. Nikaomba kazi ya kupika kwenye nyumba ya wazee, maana huku wazee wanatunzwa na serikali. Dada mmoja wa ofisi ya ustawi akaja nyumbani kuniangalia kama nafaa. Nikajisemea, leo atajua kwamba mimi nimelelewa.

Mafua yalikuwa yamenibana, lakini nikammiminia glasi ya juisi ya nanasi. Nikapiga funda moja mbele yake, ndipo nikamkabidhi. Kwetu hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, mwenye nyumba huionja kwanza, ili mgeni atulie.

Akaitazama ile glasi, akaiweka mezani. Heh! Nikajua bado ana wasiwasi. Nikaichukua, nikapiga mafunda mawili makubwa, nikapenga kamasi, nikamrudishia huku natabasamu. Akasogeza kiti nyuma. Basi nikainywa tena mpaka ikabaki robo, nikijiona mwenyeji bora Norwei nzima.

"Kunywa tu, dada," nikamwambia kwa Kinorwei changu cha kuungaunga. "Sijaweka sumu."

Akanikodolea macho.

"Konsolata," akasema taratibu, "mimi nilikuwa naogopa mafua yako tu. Habari ya sumu ndiyo kwanza naisikia kwako, mpishi."