Kushuka Saranda na Mama Severina

Watu wa Manyoni humwita Zefania Kaza-Tena, kwa sababu ni fundi asiyeachia gari kabla ya kupitia nati za magurudumu mara tatu. Wao hudhani ni umakini. Mwenyewe anajua ni woga. Ana miaka arobaini na sita, na tangu siku alipoona lori likipoteza gurudumu karibu na soko, gurudumu likakimbia peke yake mpaka kwenye meza ya muuza nyanya, hajawahi kumrudishia mteja ufunguo bila kuinama tena kwenye magurudumu.

Gari lililomtesa kuliko yote ni Selika ya Mama Severina, muuguzi mstaafu wa miaka sabini na moja. Ni gari la mbio, la milango miwili, la mwaka 1982. Mhandisi mmoja wa barabara alikuwa akishindana nalo kwenye vumbi kabla ya kumwuzia. Mama Severina alikuwa bado akiliendesha kama anayewahi mzazi mwenye uchungu. Watoto wote watatu wa Zefania walizaliwa mikononi mwake, hivyo kumwambia apunguze mwendo halikuwa jambo jepesi.

Mwezi wa pili alikuja nalo gereji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zefa, huku nyuma kunalia. Kama mtu anasaga mtama."

Zefania akaingia chini ya gari. Tairi la kushoto lilikuwa limelika upande mmoja. Akanyoosha uzi toka gurudumu hadi gurudumu, akaona alichokihofia: ekseli ya nyuma, kile chuma kirefu kinachobeba magurudumu yote mawili, imepinda.

"Ulipiga shimo?"

"Korongo. Kule Kintinku, mvua za kwanza."

"Hii hainyooki, mama. Ni kubadilisha nzima."

"Basi badilisha. Jumapili ya wiki ijayo nashuka. Mdogo wangu Magreth hatembei tena, dawa zake nampelekea mwenyewe."

Nashuka. Neno hilo ndilo lililomnyima Zefania raha. Kwenda Kintinku ni kuteremka mlima wa Saranda, kona juu ya kona, malori yakipanda upande wa pili.

Ekseli za magari ya zamani hufanana kama mapacha, na ukikosea unamfungia mtu kifo. Zefania akasugua kwa mafuta ya taa kibati cha namba za ekseli kilicho kwenye ukuta wa nyuma wa injini mpaka namba zikaonekana, akaziandika kwenye kiganja. Akachora chaki kwenye magurudumu ya nyuma, akayazungusha yote mawili pamoja mara moja, akahesabu propela, lile bomba linalotoka kwenye giaboksi hadi ekseli, imezunguka mara ngapi: nne na kidogo. Akapima upana kwa futi. Kisha akaenda Ikungi kwa Abraham, muuza vyuma chakavu.

Abraham alikuwa na tatu. Ya kwanza ilikuwa pana mno, ya pikapu. Ya pili ililingana, ila bomba lake lilikuwa na kiraka cha kuchomelea.

"Paka rangi, nani atajua?" Abraham akasema.

"Mimi nitajua."

Ya tatu ilikuwa bado imefungwa chini ya bodi lisilo na milango. Upana sawa, mashikio ya springi sawa, mizunguko sawa. Namba tu zilitofautiana, tarakimu ya mwisho.

"Hii ya mwisho ina maana gani?"

"Maana yake ilitengenezwa siku nyingine," Abraham akajibu, akaenda kunywa chai.

Zefania akairudisha Manyoni juu ya fuso lililobeba alizeti, na tarakimu ile ikakaa naye njia nzima.

Akainua Selika, akaipanga juu ya mataruma manne ya mbao kuukuu za reli, maana jeki hakuwahi kuiamini. Jirani yake Mazengo akamsaidia kushusha ekseli ya zamani na kupandisha nyingine. Akaweka beringi mpya na sili mpya, zile pete za mpira zinazozuia oili isifike kwenye breki. Kwenye shafti ya kushoto, ile fimbo ya chuma ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, pale sili inapokaa, palikuwa na mstari wa kutu mwembamba kama unywele. Akaupiga msasa mpaka ukang'aa, akaendelea. Kila alichokagua tena baada ya hapo kilihusu ile tarakimu.

Jumapili asubuhi Mama Severina alifika na mfuko wa dawa.

"Nakwenda na wewe," Zefania akasema.

"Na kanisa?"

"Leo nitasali humo humo."

Kona mbili za kwanza zilipita salama. Ya tatu, alipokanyaga breki, gari likavuta kulia, upande wa malori. Zefania akasikia harufu ya oili inayoungua.

"Punguza, mama!"

"Nakanyaga, halishiki vizuri!"

"Weka gia ya pili! Ya pili!"

Injini ikanguruma. Mbele yao lori la ng'ombe lilikuwa likipanda, honi haikatiki. Zefania akashika hendibreki akaivuta taratibu, huku Mama Severina akipindisha usukani kushoto. Lori likapita karibu kiasi cha kuona macho ya ng'ombe. Selika ikaparuza ukingo wa mlima, ikasimama kwenye kokoto.

Zefania akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelowa oili, linafuka moshi. Akagusa, akanusa vidole. Kisha akarudi dirishani.

"Ni mimi, mama. Shafti ilikuwa na kutu, nikaisugua, nikaona yatosha. Imekata sili. Nilitakiwa kuitupa."

Mama Severina alitazama mikono yake iliyokuwa bado kwenye usukani.

"Miaka yote sijawahi kuliogopa gari hili," akasema.

"Na sasa?"

"Sasa naogopa. Nisimamishie gari lolote, Magreth anasubiri dawa."

Zefania alirudi Ikungi akanunua ile ekseli yenye kiraka, akachomoa shafti zake tu, zilizokuwa laini kama yai. Safari hii alipitisha ukucha juu ya chuma mara kumi, akitafuta mkwaruzo, kabla ya kufunga.

Mama Severina haendeshi tena Saranda. Kila mwezi Zefania ndiye anayemshusha, kwa gia ya pili, nyuma yao watu wakipiga honi kwa hasira. Wakifika bondeni husimama kando, Zefania hushuka, hupapasa gurudumu la kushoto kwa ndani, huangalia vidole. Vikiwa vikavu, ndipo humwambia mama anaweza kufumbua macho.