Nimeificha sauti ya binti wa Mama, na sasa Mama anataka kumulilia kama mufu

Admin, ficha jina yangu. Niko mwanaume wa miaka 29, muzaliwa wa Butembo, ninatumika kama technicien wa internet mu biro moja ya misaada hapa Masisi-centre. Hapa sina ndugu, sina rafiki. Tangu vita ifunge barabara ya Butembo, nyumbani sijafika. Nisomeni mpaka mwisho mbele ya kunitukana.

Antene ya simu ya hapa walishaichoma, lakini biro yetu iko na internet ya satellite. Basi wakimbizi wa kambi ya Lushebere walikuwa wanaketi pembeni ya lupango yetu, uzio wa biro, wanatafuta jamaa zao ku ile internet. Kelele, vicheko, watoto! Kusema kweli, miye njo nilikuwa ninafurahi kupita wote. Kisha chef, mukubwa wa biro, akaniita: "Internet imejaa watu, rapport za kazi haziendi. Tenga wageni na biro." Nikaingia mu routeur, mashini inayogawa internet, nikatenga rezo mbili, zinaitwa VLAN, moja ya biro, ingine ya wageni, kila moja na mulango yake. Ilitembea muzuri. Akaniita tena: "Ile ya wageni, funga." Nikafunga. Pembeni ya lupango kukabaki tupu, na watu wakaacha kunisalimia njiani.

Muntu mumoja tu hakunikasirikia, Mama mumoja mujane wa kambini. Binti yake aliolewa Mpofi, kule Walikale, na sauti anazomutumia ku WhatsApp njo zilikuwa zinamutuliza. Nikamwambia aniachie simu asubui, kama vile ya kuchaji. Nikaiingiza ku VLAN ya biro, chef hajui. Jioni anakuja, ninamufungulia sauti maana yeye hajui WhatsApp, tunasikiliza pamoja, tunakula birayi, vile viazi vyake, na maharagi. "Mutoto yangu, kula, umekonda," anasema. Bila yeye, siku inaisha hakuna muntu ametaja jina yangu.

Juma iliyopita sauti ikaingia, nikaifungua kabla hajafika. "Mama, njoo tukae pamoja. Kuko mufanyabiashara mwenye camion, alikubali kukubeba juma ijayo. Barabara imetulia. Sema tu ndiyo."

Sikumusikilizisha. Nilijiambia barabara ingali mbaya, watamuua. Uongo mutupu! Camions zinapita, ninaziona na macho yangu. Niliogopa kubaki peke yangu, njo hiyo tu. Alipofika akauliza, "Hakuna kitu?" Nikajibu, "Hakuna, Mama." Eh Mungu wangu! Na WhatsApp ilishaonyesha binti kama sauti ilisikilizwa. Akatuma ingine, analia: "Mama, umesikia, mbona unaninyamazia? Nilikukosea nini?" Hiyo pia nikaificha, na kila jioni Mama akiuliza, ninajibu hakuna.

Camion inatoka kesho kutwa. Nikimwambia, atajua nilimudanganya, ataenda, na sijui kama atanisamehe. Nikinyamaza, anabaki. Lakini jana alikuja amefunga kitambaa nyeusi ku kichwa. Akaketi, akasema pole pole:

"Kule Walikale watu wanakufa, hata habari haifiki. Angekuwa muzima, mutoto yangu angesema na miye. Kesho tunaketi kilio yake kambini, tumuomboleze. Uje ukae pembeni yangu, sina mutoto mwingine tena isipokuwa weye. Na ile simu, baki nayo, haina kazi."

Nikaitika. Nikabaki na simu yake.

Kilio iko inaanza sasa hivi, wamekwisha kutuma muntu kuniita. Na ninapoandika hii, simu ya Mama inalia hapa mukononi ku WhatsApp, ni binti yake. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?