Choo Kipya cha Nyumba ya Kariakoo

Nilikuwa nimejifungua siku kumi tu mume wangu alipotuhamishia kwa mama yake, Ilala. Alisema ni wiki tatu: makuti yashushwe, bati liezekwe, kuta za udongo zipigwe plasta na chokaa, halafu nyumba aliyoachiwa na baba yake iuzwe, nasi tukajenge Ilala, nyumba yenye ua wangu mwenyewe. Nimesoma mpaka sekondari na bado niliamini.

Mtoto alipoanza kukaa, tulikuwa bado Ilala kwa mama mkwe, katika chumba chake kimoja cha kupanga. Yeye kitandani, sisi kwenye godoro sakafuni, kanga imetundikwa katikati. Mtoto akilia, mama mkwe anageuka, na kitanda nacho kinalia. Na kule Kariakoo vyumba sita vimefungwa kufuli, vyeupe, havina mtu.

"Turudi tukae mpaka inunuliwe," nilimwambia mume wangu.

"Utapika, moshi uchafue chokaa."

Basi kila asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikapita Mchikichini kwa miguu, kwenda kufagia nyumba isiyokaliwa. Choo cha uani ndicho mume wangu alichokilinda zaidi. Shimo jipya, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikalainika, mlango wa mbao wenye komeo. Asikiguse mtu, mnunuzi akikute kipya. Nikibanwa nilibisha kwa jirani.

"Mwenye nyumba anaomba choo!" alinicheka. "Hivi nyie, nyumba hiyo mnaiuza au mnaifuga?"

Wanunuzi walikuja, wengi tu. Dalali aliwaleta, wakapiga kuta kwa ngumi, wakasifu bati, wakajaribu kukaa barazani. Mwisho walikwenda uani, wakafungua choo, wakatoka wakitazamana. "Tutakuja, inshallah." Hawakuja. Mume wangu akapaka chokaa mara ya pili. Mara ya tatu akapaka na milango rangi ya kijani. Dalali akasema ni jicho la watu, nifukize ubani. Nikafukiza. Mtoto akakohoa wiki nzima.

Ndipo akaja mzee mmoja muuza nazi sokoni, pamoja na mkewe. Mzee alibaki barazani na dalali. Mimi nikamtembeza mama yule. Alifungua choo, akachungulia, akakifunga polepole.

"Mwanangu, nyie mnaswali?"

Damu ikanipanda. "Mama, kama nyumba huitaki sema. Dini yangu siiuzi."

"Usinikasirikie. Choo hiki umewahi kukitumia?"

"Hatukitumii. Cha mnunuzi."

"Nipe huyo mtoto. Ingia, chuchumaa, uniambie unatazama wapi."

Niliingia na nguo zangu mwilini, nikaweka miguu juu ya zile nyayo mbili za saruji, nikachuchumaa. Mbele yangu ulikuwa ukuta wa kaskazini. Kaskazini ndiko ninakoelekeza mswala wangu kila siku ya Mungu. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba mtu hajisaidii akiwa ameielekea Kibla, na sisi tulikuwa tumeijengea saruji.

"Wote wameliona hili?" nilimuuliza nilipotoka.

"Wote. Sasa nani atamwambia mwanaume mzima kwamba hajui choo kielekee wapi? Utamwaibisha kwake."

Miezi yote ile nilale sakafuni kwa mama wa mtu, kwa sababu ya adabu ya watu!

Sikumngoja mume wangu. Fundi wa choo kile alikuwa akijenga mtaa wa pili, nikamwita. Yeye simlaumu, hakuwa Mwislamu, na aliyemwonyesha kwa kidole kwamba nyayo zielekee huku, mlango ufunguke vizuri, ni mume wangu. Adhuhuri mume wangu alitukuta nyundo inagonga.

"Mnavunja choo kipya?"

"Hebu chuchumaa," nikamwambia.

"Mbele ya fundi?"

"Mbele ya fundi. Kariakoo nzima imeshakuona, bado yeye tu."

Hakuchuchumaa. Alitazama vipande vya nyayo, akatazama jua, akatazama ukuta. Kisha akaketi juu ya debe lililopinduliwa, akavua kofia. Sikumwonea huruma. Hata leo sijamwonea.

"Sasa itanunuliwa," alisema baadaye, sauti ndogo.

"Inunuliwe. Sisi tunahamia leo."

"Na chokaa?"

Nilitia mkaa kwenye jiko, nikaliweka chini kabisa ya ukuta ule mweupe, nikapuliza. Jioni alirudi kutoka kwa mama yake na godoro letu kichwani.

Saruji ilipokauka nikawa mtu wa kwanza kukitumia choo kile, nikiwa nimeelekea mashariki. Wiki iliyofuata dalali akaleta mtu mwingine, akanikuta nasonga ugali, nepi zimeanikwa ua mzima. Dalali akaguna. Mimi nikaacha mwiko, nikampeleka yule mnunuzi kumwonyesha choo kwanza.