Bi Salha, Saa na Ndoo za Buluu

Godauni letu la vyombo vya nyumbani liko Changamwe, na miaka yote Bi Salha wa Jomvu Kuu ndiye aliyejua kila sufuria imelala wapi. Halafu wakubwa wakatuletea kompyuta za kuvaa mkononi. Saa, tukaziita, japo kila moja ni kubwa kama nusu mche wa sabuni. Unaisemesha, inakuonyesha rafu. Ukitaka foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, unaiambia saa "njoo", na Tsuma, dereva wake, anaona kwenye saa yake pa kwenda. Atakayeshindwa nayo kufikia Ijumaa, tukaambiwa, atapewa ufagio wa uani.

Bi Salha na ufagio! Mwanamke ambaye kwake hufagiliwa na wakaza mwana watatu, na bado huwatoa makosa.

Shida ni kwamba kwao hawasemi "njoo", husema "ndoo". Jumatatu akaita, "Ndoo." Saa ikaelewa ndoo ya maji, na Tsuma akaja na rundo la ndoo za buluu. Bi Salha akaita tena, kwa ukali. Zikaja nyekundu. Kufikia adhuhuri alikuwa amezungukwa kama mwenye kisima mwaka wa ukame. Nikamuuliza kama mfereji umekatika tena Jomvu. Jicho alilonitupia bado linaniwasha.

Bramwel, msimamizi wetu, mtu mwema wa Kakamega huko bara, akaja kumfunza kutamka "njoo". Mtu wa Kakamega kumfunza mtu wa Jomvu Kiswahili! Tsuma alizima foklifti asikie vizuri.

"Mwanangu," Bi Salha akamwambia taratibu, "neno hili nimepewa na nyanya yangu. Hiyo saa imekuja juzi. Mgeni hapa ni nani?"

Bramwel akacheka, akaketi juu ya ndoo, akaipekua ile saa mpaka akapata pahali pa kuizoesha sauti ya mwenyewe. Bi Salha akaisomesha kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Ikikosea, anaigonga kioo kwa kidole. Ndoo yenyewe akakubali kuiita "ndoo ya kutekea", kwa huruma tu.

Ijumaa alimaliza mzigo wake kabla yetu sote. Ufagio ukabaki ukutani.

Jioni, kwa haraka zake, Bramwel akavaa saa ya Bi Salha akidhani ni yake.

"Njoo," akaita. Kimya. "Njoo, bwana." Kimya.

Bi Salha alikuwa mlangoni akijitanda buibui.

"Iite vizuri, mwanangu," akasema. "Hiyo imesoma."

Bramwel akatutazama, akainamia mkono wake.

"Ndoo," akasema, na Tsuma akaja.