Vidonge vya Siku ya Kichwa Kuuma

Usiku ule nililala nimefura. Mchana Mama alimwogesha mwanangu, akamwacha kwenye beseni, akatoka kuanua nguo. Nikamkuta uani anapiga soga na jirani.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

Nilikimbia. Nilimkuta kakaa, maji kifuani, ananyonya sabuni. Mama yangu hata hamsini hajafika! Nikamuuliza kama alimeza vidonge vya presha. Eti kichwa hakijamuuma. Vingine kamgawia jirani, maana naye kichwa kinamgonga. Ndivyo wanavyofanya mtaani kwetu: dawa ya presha ni ya siku ya kichwa kuuma, na ukiwa nayo humnyimi mwenzio. Ujinga mtupu.

Nikalala na hasira zangu, na Bibi akaja. Bibi mzaa mama, aliyefariki akiwa hamjui hata mmoja wetu. Ameketi jikoni kwetu, juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Mke mwenzangu, umekonda. Mume wetu hakulishi?"

Nikacheka. Miaka yake ya mwisho utani wote ulikuwa umemtoka, na sasa huu hapa umerudi. Nikanyoosha mkono nimshike. Mara jikoni si jikoni tena, ni benchi la zahanati, watu wamejipanga, na Bibi bado anakuna, nazi inamwagika sakafuni. Kando yake yupo Mama, kafungwa kipimo cha presha mkononi. Kinajaa upepo. Kinajaa, hakuna wa kukifungua. Nakivuta, hakitoki. Mama ananitazama kwa adabu, kama mgeni, anainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Ananiamkia mimi. Mwanawe!

"Bibi, mwambie mimi ni nani!"

Bibi anaacha kukuna.

"Mimi mlisema ni uzee. Wengine wakasema nimerogwa. Presha yangu hakuna aliyeifuatilia."

"Nilikuwa mdogo, Bibi."

"Sasa umezaa. Siwezi kukuahidi kitu, mjukuu wangu. Huenda usahaulifu huu una sababu nyingine pia. Lakini presha nayo hula kumbukumbu, na ina dawa, ya kumezwa kila siku, na mama yako bado anakujua. Unangoja aanze kukuamkia?"

Benchi linarefuka, Mama anasogea mbali, mbali, nami nakimbia palepale nilipo.

Nikaamka nimelowa jasho, mtoto kaning'ang'ania titi. Kumekucha. Nje Mama anafagia uwanja. Nikambeba mtoto, nikachukua kanga ya Mama kambani, nikamfuata.

"Jifunge, twende zahanati."

"Nani anaumwa?"

"Wewe. Na vidonge hutamgawia mtu tena. Jirani naye aje apimwe, apewe vyake."

Akanikodolea macho, akasonya. "Mkaidi wewe, kama marehemu mama yangu."

"Ndiye kanituma," nikamwambia, nikamnyang'anya ufagio.