Bibi wa Kuazimwa

Vernell Gadsden hajui kupika. Hilo lijulikane mapema, maana kwa mdomo wake amelisha nusu ya Marekani. Kazi yake ni kusoma vitabu vya kusikiliza, vile ambavyo watu huvitia masikioni wakienda kazini, na karibu kila kitabu alicholetewa kilikuwa na bibi Mweusi mnene, amesimama jikoni, anakoroga sufuria huku anaguna wimbo wa kanisani na kummwagia hekima mtoto wa Kizungu aliyekwama kimaisha. Vernell mwenyewe, pale kwake Brooklyn, huunguza hata mayai ya kuchemsha. Lakini wachapishaji wakimtazama, wanaona mwiko.

Miaka ikapita, akaanza kushuku kwamba bibi yule ni mmoja. Kitambaa kilekile, sufuria ileile, hata kikohozi kilekile. Ndipo akaandika riwaya yake mwenyewe, akaiita *Bibi wa Kuazimwa*. Inahusu jumba la uchapishaji la New York linalofuga bibi mmoja Mweusi kwenye stoo ya chini. Mwandishi akileta mswada usio na "joto", mhariri hushuka ngazi, humtoa bibi, humpangusa vumbi, humfunga kitambaa na kumchomeka kwenye sura ya nne. Akishamwokoa mtu, anarudishwa stoo. Kumbe bibi ni fundi wa piano, na tangu aletwe hakuna aliyemuuliza.

Jumba la kweli lililonunua kitabu hicho lilikipenda kupita kiasi. Wahariri walikicheka mpaka wakashika mbavu, kila mmoja akiamini anasemwa mwenzake.

Vernell alitaka kitu kimoja tu: akisome mwenyewe, kwa sauti yake. Mama yake, Bi. Arnetta, alikuwa mwalimu mkuu kabla macho hayajamwishia, na sasa kitabu kwake ni cha kusikia tu. Alikuwa amejaribu kusikiliza kazi zote za binti yake, na zote alizizima kabla ya kufika mbali.

"Mtoto wangu namjua," alikuwa akisema. "Huyu anayeongea kama meno yamelegea simjui. Nani kamleta nyumbani kwangu?"

Ilimuuma Vernell, asiseme uongo mtu. Alitaka mama yake asikie kitabu kimoja mpaka mwisho, acheke. Lakini mkataba ulisema mchapishaji ndiye mwenye kuchagua msomaji, na kwamba kila anayetaka kusoma afanyiwe majaribio, hata kama ndiye aliyekiandika. Haya, siku ya majaribio ikafika, na msaidizi wa Mama akapiga simu kwamba anaumwa, haji. Ikabidi Mama abebwe kwenda studio, na kofia yake ya Jumapili kichwani. Wakamketisha kwenye kochi upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha mitambo, pamoja na Desmond, kijana Mweusi anayerekodi, na Kirsten, msimamizi wa usomaji, dada wa Kizungu mwenye upole wa kukera.

Vernell akavaa hedifoni, akaanza. Alifika pale bibi anapogoma kutoka stoo: "Nimechoka kuwaokoa watoto wa watu. Leo jiokoeni wenyewe."

Kirsten akabonyeza kitufe cha kuongea. "Vernell, mpenzi, vizuri mno! Ila bibi… mbona anaongea kama karani wa benki?"

"Ni fundi wa piano."

"Najua, najua. Lakini msikilizaji atajuaje kwamba ni bibi? Mtie joto kidogo. Kama vile ana kitu jikoni."

Desmond akainama chini ya meza kutafuta waya ambao haujapotea.

"Kirsten," Vernell akasema, "kitabu umekisoma?"

"Mara mbili! Nililia."

"Ni cha kuchekesha."

"Ndiyo maana nililia!"

Vernell alijiona mjinga, maana "sawa" ilikuwa tayari imeshamfika ulimini, kama ilivyomfika miaka yote. Akasoma tena, akamtia bibi sufuria kidogo tu, ya kuonja. Upande wa pili wa kioo akaona kofia ya Mama ikigeuka polepole kuelekea ukutani. Aibu ikamshika mpaka shingoni.

"Tunakaribia!" Kirsten akapiga makofi, kisha akamgeukia mzee. "Bibi, hebu tusaidie wewe. Hii sauti unayo kwenye damu."

"Mimi si bibi," Mama akasema. "Sina mjukuu hata mmoja, na huyo uliyemfungia kwenye kioo haonyeshi dalili."

"Mama!" Vernell akasema kwenye mikrofoni.

"Ni uongo? Haya, nipe hayo maneno."

Akayasema kwa sauti yake, safi, kila neno limepigwa pasi. Kirsten akatikisa kichwa kwa huruma. "Nzuri, ila si halisi sana."

"Aha. Unataka halisi."

Basi Bi. Arnetta akalegeza mabega, akashusha kidevu, na kwenye kinywa kile cha mwalimu mkuu ikatoka sauti ambayo Vernell hajaisikia maisha yake yote: nzito, ya kuburura, tamu kama shira, na chini yake mguno wa wimbo. Nywele zilimsimama. Kirsten akashika kifua, machozi yakamlenga.

"Hiyo! Hiyo ndiyo! Umeitoa wapi?"

"Long Island," Mama akajibu, amerudi kwenye sauti yake. "Kwa mama mmoja wa Kizungu niliyekuwa nikisugua sakafu zake huku nasomea ualimu. Nikiongea hivi, aliniona najidai. Nikiongea vile, narudi nyumbani na chakula cha mtoto. Mtoto mwenyewe ndiye huyo hapo." Akageukia kioo asichokiona. "Vernell! Niliongea vile ili wewe usiongee vile. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

Ungedhani hata jiwe lingeelewa. Kirsten akafuta machozi, akamwinamia Desmond: "Umerekodi?" Kisha akamgeukia Mama: "Alhamisi una nafasi?"

Vernell akavua hedifoni, akaiweka juu ya meza taratibu.

"Hana," akasema. "Na mimi sina. Tafuteni mwingine."

Na walimtafuta, wakampata, mwigizaji mmoja maarufu aliyemkoroga bibi yule mpaka akaiva. Kitabu kikauzwa kama njugu. Magazeti yakaandika kwamba kina joto.

Jumapili baada ya kanisa, Vernell akamketisha mama yake sebuleni, akafungua ukurasa wa kwanza na kusoma. Kwenye sura ya pili mama alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka, ikabidi wayatafute chini ya kiti. Yalipopatikana, akayasuuza, akayarudisha mahali pake na kufuta macho.

"Na huyo fundi wa piano," akauliza, "hao washenzi mwishowe wanamwachia?"

"Ukinyamaza utajua."

"Basi soma, mwanangu. Nimenyamaza."